Glasi Ndogo za Kale: Zilitengenezewa Kazi Gani?

Katika majumba ya makumbusho ya Uingereza, na katika maduka ya nchi hiyo yauzayo vitu vya kale, huonekana glasi ndogo ndogo zilizotengenezwa baina ya mwisho wa karne ya 17 na mwisho wa karne ya 19. Baadhi yake hazizidi urefu wa kidole cha mkono. Nyingine zina shina refu la kupendeza, lakini bakuli lililo juu ya shina hilo halichukui zaidi ya mafunda mawili. Mbele ya kila glasi huwekwa kikaratasi chenye jina: hii ni ya jin, hii ni ya ratafia, hii ni ya msimamizi wa karamu, hii ni ya aiskrimu. Mtazamaji husoma, huamini, hupita. Katika makala haya tunakusudia kusimama pale anapopita mtazamaji, tuulize: majina hayo yametoka wapi, na ni kwa dalili gani mtu aweza kuijua kazi aliyoikusudia fundi alipokitengeneza chombo?

Huenda mwalimu wa Kiswahili akasema kwamba hayo ni mambo ya Waingereza na vyombo vyao. Lakini yatuhusu sisi tulio watu wa lugha, maana msingi wake ni uhusiano wa jina na kitu. Tuyatazame maneno yetu wenyewe. Bilauri ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni jina la jiwe angavu lipenyezalo nuru. Glasi tumelipata kwa Waingereza, na kwao neno hilo ni jina la kioo chenyewe kabla halijawa jina la chombo. Basi maneno yote mawili yatuambia chombo kimefanywa kwa kitu gani. Hayatuambii ni cha kazi gani. Neno toti, kwa upande wake, latuambia kiasi cha kileo, wala halituambii umbo la chombo. Mfasiri akikutana na glasi yenye jina la pekee katika riwaya ya Kiingereza ya karne ya 18 au ya 19, kamusi itampa neno glasi, naye atabaki hajui kama mhusika anakunywa, anakula, au anaosha jicho lake.

Kabla ya kuendelea, yafaa tupatane juu ya sehemu za chombo. Glasi ya kale ya Kiingereza huwa na sehemu tatu: bakuli, yaani sehemu ishikayo kinywaji, shina, yaani sehemu ishikwayo na vidole, na kitako, yaani sehemu ikaayo juu ya meza. Mwaka 1674 mfanyabiashara wa London aitwaye George Ravenscroft alipewa hataza ya kutengeneza aina mpya ya kioo, na katika miaka iliyofuata kioo hicho kilichanganywa na oksaidi ya risasi. Hapo awali matajiri wa Uingereza walithamini kioo chembamba cha mtindo wa Venice. Kioo kipya kilikuwa kizito, chenye kung'aa sana, nacho kikigongwa hulia kama kengele ndogo. Kilikuwa pia kinene, na fundi aliweza kuuweka uzito mahali alipotaka, ama katika shina, ama katika kitako, ama katika bakuli lenyewe. Neno hili msomaji alihifadhi, kwani ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata.

Ama kuhusu majina, hapana budi tuseme wazi kwamba mengi kati yanayosomwa leo yameenezwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Mwaka 1897 Albert Hartshorne alichapisha kitabu kikubwa juu ya glasi za kale za Kiingereza, na baada yake kazi ya kuzikusanya na kuzipanga ilizidi kushika kasi. Mkusanyaji huhitaji majina ili alipange kabati lake. Mwuzaji huyahitaji ili aipandishe bei. Baadhi ya majina hayo yana ushahidi wa zama zake, na mengine ni makisio yaliyorudiwa mara nyingi hata yakavaa sura ya ukweli.

Mtego wa kwanza anaotegwa mchunguzi ni macho yake mwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha matokeo ya kupima glasi 411 za divai za Uingereza, tangu mwaka 1700 hadi wakati wao. Waliona kwamba glasi ya divai ya karne ya 18 ilichukua kwa wastani mililita 66, ambapo ile ya miaka ya 2016 na 2017 ilichukua mililita 449. Tofauti hiyo yakaribia mara saba. Kwa hiyo mtu wa leo aionapo glasi ya mwaka 1750 hudhani ni ya kileo kikali kinywewacho kwa toti, kumbe ni glasi ya kawaida ya divai. Katika karamu za wakati ule mara nyingi glasi hazikuachwa mezani zikiwa zimejaa. Mtumishi aliileta glasi, mgeni akainywa, nayo ikarudishwa kujazwa tena. Udogo wa chombo ulilingana na desturi hiyo. Twajifunza hapa kwamba udogo haupimwi kwa vyombo vya siku zetu, bali kwa vyombo vya zama za kitu chenyewe.

Baada ya kuziondoa glasi za divai, zabaki zile zilizokuwa ndogo hata machoni pa watu wa wakati wake. Kati ya hizo, zilizohusu maisha ya watu wengi zaidi ni glasi za jin. Mwaka 1690 serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuhimiza utengenezaji wa pombe kali kutokana na nafaka ya nchi hiyo. Jin ikawa rahisi, nayo ikaenea katika vichochoro vya London miongoni mwa maskini. Mwaka 1736 Bunge lilijaribu kuizuia kwa kudai leseni ya pauni 50 kwa mwaka kwa kila mwuzaji wa rejareja. Watu wakafanya ghasia, uuzaji wa magendo ukaendelea, na mwaka 1743 sheria hiyo ikaondolewa. Sheria ya mwaka 1751 ndiyo iliyofanikiwa zaidi kuupunguza ulevi huo. Kinywaji kikali namna hiyo, kiuzwacho kwa senti chache kwa mtu asiye na zaidi ya hizo, chahitaji chombo kidogo, kifupi, chenye shina nene lisilovunjika upesi.

Ushahidi wa matumizi yake tunao katika picha. Mwaka huohuo wa 1751 mchoraji William Hogarth alitoa picha yake mashuhuri ya mtaa wa jin. Kando ya kiwanda cha pombe anaonekana mama akimmiminia mtoto wake mchanga jin kinywani, na karibu naye wasichana wawili wenye alama ya kulelewa kwa sadaka ya parokia wanakunywa, kila mmoja na glasi yake. Hogarth alikuwa na shabaha ya kuonya, kwa hiyo huenda alitia chumvi. Hata hivyo vyombo alivyovichora ni vyombo walivyovijua watazamaji wake, kwani onyo lisilofanana na mambo ya kila siku halimwonyi mtu.

Zipo glasi nyingine ambazo bakuli lake ni dogo vilevile, lakini limekalia shina refu, nene, lililofanywa kwa ustadi. Pengine ndani ya shina mna nyuzi za hewa au za kioo cheupe zilizosokotwa. Hizi huitwa kwa Kiingereza kwa jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya moyo, kwa kuwa vileo vilivyotiwa ndani yake vilianza kama dawa za kuutia moyo nguvu. Baadaye vikawa anasa ya nyumba za wenye nafasi, vitamu, vyenye viungo na matunda, vikinywewa kidogo kidogo. Hapa udogo wa bakuli hautokani na umaskini wa mnywaji bali na ughali wa kinywaji. Shina refu ni heshima ya mezani. Kwa hiyo mabakuli mawili yachukuayo kiasi kilekile yaweza kuwa yametoka katika nyumba mbili zisizokaribiana hata kidogo, na anayetutenganishia nyumba hizo ni shina.

Jina la ratafia halina msingi imara kama huo. Ratafia ni kileo kitamu kilichotiwa ladha ya lozi au ya kokwa za matunda kama vile pichi na cheri. Wakusanyaji wamelibandika jina lake juu ya glasi ndefu zenye bakuli jembamba sana mfano wa bomba. Kwamba kileo hicho kilinywewa Uingereza ni kweli. Lakini kwamba kila bakuli jembamba lilikuwa lake peke yake hilo ni dai la kabati, si la mezani. Yatosha kusema kwamba glasi hizo zilifaa vileo vitamu vya aina hiyo.

Sasa tuje kwa glasi ambazo sababu ya umbo lake ni mkono wa mnywaji. Katika karne ya 18 vyama vingi vya wanaume wa Uingereza, wakiwamo Wafrimasoni ambao Baraza lao Kuu la London liliundwa mwaka 1717, vilikuwa na desturi ya kunywa kwa kutakiana heri na kisha kugonga meza kwa glasi zao kwa pamoja. Mshindo wake ulifanana na bunduki nyingi zilizopigwa mara moja, na glasi zenyewe zikapewa jina litokanalo na kufyatua risasi. Chombo chembamba kisingestahimili pigo hilo. Fundi alikifanya kitako kuwa kinene kama kisahani cha jiwe, na shina akalifupisha. Mtu akiinua glasi ndogo akakuta uzito wote umeshuka chini, na shina ni fupi na nene, basi ana haki ya kuwaza meza iliyogongwa. Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi twaweza kuongeza kwamba ukiona kizito mahali fulani, kuna aliyetaka kiwe kizito hapo.

Lakini je, uzito ukiwa katika bakuli lenyewe? Zipo glasi ambazo kwa nje bakuli ni la kutosha, kumbe kuta na sehemu ya chini zimejaa kioo, na nafasi ya kinywaji ni ndogo mno. Huitwa glasi za msimamizi wa karamu. Msimamizi alipaswa kuanzisha kila salamu na kunywa kila mara, naye alihitaji kubaki na akili zake mpaka mwisho wa shughuli. Glasi ya namna hii ilimpa sura ya kunywa sawa na wenziwe bila kulewa sawa nao. Hiyo ni hila isiyomdhuru mtu. Hata hivyo umbo hilohilo lilimfaa pia mwenye kilabu aliyetaka kuuza kidogo kwa bei ya kingi. Chombo ni kimoja, na kazi ni mbili: moja ya adabu, nyingine ya udanganyifu. Hapa ndipo tunapofikia mpaka wa ushahidi wa umbo. Kioo chaweza kutuambia kwamba kilitengenezwa ili kiwadanganye macho. Hakiwezi kutuambia ni macho ya nani.

Wapo waandishi waliotaka kuueleza udogo wote kwa sababu moja, nayo ni kodi. Ni kweli kwamba sheria iliyopitishwa na kuanza kutumika katika miaka ya 1745 na 1746 iliitoza kodi malighafi ya kioo kwa uzito wake. Kodi hiyo iliongezwa mara mbili mwaka 1777, ikapelekwa Ireland mwaka 1825, na ikafutwa mwaka 1845. Kwa hakika ilikuwa sababu mojawapo ya glasi kuwa nyepesi zaidi. Lakini tukiitumia kueleza kila glasi ndogo tutakosea, kwa sababu glasi ndogo za pombe kali zilikuwako kabla ya kodi, na glasi nzito za kugonga meza na zile za msimamizi ziliendelea kutengenezwa wakati wa kodi, ingawa zilikula kioo kingi kuliko kinywaji zilichobeba. Mtu hulipa kodi ya kitu anachokihitaji.

Kundi la mwisho ni la vyombo ambavyo kamwe havikukusudiwa kunywewa. Vile vidogo vyenye umbo la tarumbeta, vilivyokaa karibu moja kwa moja juu ya kitako, vilikuwa vya jeli na vya malai yaliyopigwa pamoja na divai. Vitamu vya namna hiyo vimo katika kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse cha mwaka 1747, na mezani vilipangwa juu ya sinia za kioo zilizopandana ngazi kwa ngazi. Mlaji alitumia kijiko, kwa hiyo mchunguzi hutazama ndani ya bakuli kama kuna mikwaruzo. Vingine vina mdomo wa mviringo ulionyooka kufuata tundu la jicho: hivyo ni vya kuoshea macho, na anayevinunua kwa ajili ya konyaki amejitafutia kichekesho.

Miongoni mwa vyombo hivyo mna kimoja kilichoacha athari katika afya ya mji mzima. Katika karne ya 19 wauza aiskrimu wa London, wengi wao Waitalia, waliuza mitaani kwa kutumia kiglasi kinene chenye shimo la juujuu tu. Unene wa kioo uliikuza aiskrimu machoni, na mtoto aliyetoa peni yake aliona amepewa rundo. Aliilamba mpaka kioo kikabaki kitupu, akamrudishia mwuzaji, naye akakifuta au kukichovya katika maji yaleyale na kumpa mwingine. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amekigundua kijidudu cha kifua kikuu, na hofu ya maambukizo ikazidi. Kabla ya karne kumalizika London ikapiga marufuku viglasi hivyo. Mwaka 1903 Italo Marchiony alipewa hataza huko Marekani ya mashine ya kufanyiza vikombe vya kuliwa pamoja na aiskrimu yenyewe. Leo kiglasi hicho huuzwa kama pambo, na mara nyingi hudhaniwa ni cha kileo. Anayekiita hivyo amemfuta mtoto wa mtaani katika historia bila kujua.

Juu ya ugumu wote huo kuna wale waliozua. Mwaka 1994 mtaalamu Peter Francis alionyesha jinsi Franz Tieze, mchoraji wa kioo aliyezaliwa Bohemia na kufanya kazi Dublin, alivyochora maandishi na alama za kisiasa za karne ya 18 juu ya glasi, zikapokewa kuwa kumbukumbu za kweli. Tieze alifariki mwaka 1932. Kwa miaka mingi vyombo hivyo vilisomwa kama mashahidi wa mapambano ya wafalme, kumbe shahidi alifundishwa la kusema muda mrefu baada ya kesi kwisha.

Kutokana na yote hayo twaweza kukusanya maswali manne ambayo kila mchunguzi hana budi kuuliza kabla ya kukubali jina. La kwanza: chombo chachukua kiasi gani hasa kikijazwa maji na kupimwa, si kiasi gani machoni? La pili: uzito umewekwa wapi, katika kitako, shina au bakuli? La tatu: kimechakaa wapi? Glasi iliyotumika miaka mingi huwa na mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio pale kitako kigusapo meza. Mikwaruzo iliyonyooka upande mmoja huamsha shaka kwamba imetiwa kwa msasa. La nne, na ndilo kubwa: kuna shahidi gani wa zama hizo, kama vile picha, hati ya mauzo, kitabu cha mapishi au sheria, aonyeshaye chombo cha namna hiyo kikitumika? Maswali matatu ya kwanza hujibiwa na kitu. La nne hujibiwa na watu, na pasipo hilo jina hubaki kuwa kisio.

Tusisahau pia kwamba kabati halikusanyi kwa haki. Glasi ya shina la nyuzi ilifungiwa, ikapanguswa vumbi, ikarithiwa. Glasi ya jin ya kichochoroni ilivunjika na kutupwa. Ndiyo maana mtu akizuru makumbusho aweza kudhani kwamba Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa nchi ya mabibi waliokunywa ratafia kwa vidole viwili, ambapo kwa kila bibi mmoja wa namna hiyo palikuwa na umati uliokunywa jin umesimama. Kulipokea jina lisilohojiwa ni kukubali kwamba waliosalimika kabatini ndio pekee walioishi.

Kwa hiyo tunawasihi walimu wenzetu wanaofasiri au wanaoeleza maneno darasani wasitosheke kuandika glasi ndogo na kuendelea mbele. Kiswahili kina uwezo wa kuitaja kazi ya chombo waziwazi: glasi ya kugongea meza, kiglasi cha kulambia aiskrimu, kikombe cha kuoshea macho, glasi ya jin, bilauri ya jeli. Viambishi vyetu vya kutendea vimeundwa kwa kazi hiyohiyo, kwani ukisema cha kunywea, cha kulia au cha kuoshea, umekwisha jibu swali ambalo mwenye kabati alilikwepa. Mwanafunzi na apewe kitu, apewe jina lake, kisha aulizwe: nani alikitumia, kwa nini, na umejuaje?